Santuri za Kabatini

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Baadaye Assanand & Sons wa Mombasa, wafanyabiashara wenzetu, wakatoa santuri zao wenyewe, chapa ya Mzuri. Makabati yetu yangali na santuri za enzi hizo, na wajukuu wanazitupa. Heri tuzihamishie kwenye kompyuta nyumbani. Wimbo wa dakika tatu huchukua dakika tatu, si zaidi. Ila zile kongwe, za mizunguko 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa lakiri itokanayo na wadudu wa India. Hizo zataka sindano pana kuliko za plastiki, wala zisipanguswe kwa spiriti, maana huyeyusha lakiri. Kazi ikiisha, santuri irudishwe katika bahasha yake.