Unga mwekundu, ngozi na makali: historia tunayotupa kwa pipa

Wasee wa Sisibo, leo tuache siasa kidogo tuongee kuhusu makali. Hapa Elgon View watu wanatupa visu. Kisu kikianza kuponda nyanya badala ya kuikata, kinaenda kwa pipa, juu supamaketi kuna kingine. Mimi nasema hapo tunatupa historia, na si ya wazungu pekee.

Anza na kinyozi. Kabla ya wembe wa kutupa, kinyozi wa Ulaya alikuwa na wembe wa kukunja, wa kutumia miaka mingi. Aliunoa kwa kinoo, halafu akaumalizia kwa mkanda wa ngozi. Siri ilikuwa unga uliopakwa kwenye ule mkanda. Ule mwekundu ni oksidi ya chuma, yaani kutu iliyosagwa ikawa laini sana. Masonara hutumia huohuo kung'arisha dhahabu. Kuna pia wa kijani, oksidi ya kromu, ambao ni mgumu zaidi.

Unga unafanya nini? Kinoo huacha kwenye makali vinyuzi vidogo vya chuma ambavyo jicho halivioni. Unga unavikwangua. Unachukua kidogo tu kwa kidole, unaongeza tone la mafuta, unasugua kwenye ngozi mpaka ushike. Kisha unaburuta kisu kinyumenyume, mgongo ukitangulia. Ukisukuma makali mbele, utakata mkanda. Ukirundika unga, unapata mabonge, na mabonge yanaharibu makali.

Sasa tulia hapa. Jina la kaunti yetu, Uasin Gishu, ni la Wamaasai waliochunga ng'ombe kwenye uwanda huu kabla ya vita vya karne ya 19 kuwatoa. Na moran wa Kimaasai huchukua ngeu, ule udongo mwekundu, anachanganya na mafuta, anajipaka ngozi. Kinachoipa ngeu wekundu ni nini? Oksidi ya chuma. Unga, mafuta, ngozi: vitu ni vilevile. Mmoja alitafuta urembo, mwingine makali.

Na si jambo la juzi. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba Olorgesailie, kule njia ya Magadi, walipata mawe ya rangi nyekundu yenye alama za kazi ya binadamu, pamoja na vifaa vya obsidian, lile jiwe la volkano linalokata kama kioo. Umri wake ni takriban miaka 300,000. Kwa hivyo ukiniambia kushughulika na unga mwekundu na makali ni mambo ya wazungu, nitakucheka.

Nani aliua mkanda? Kwanza King C. Gillette, ambaye mwaka 1904 alipewa hataza Marekani ya wembe mwembamba usiohitaji kunolewa. Kisha, kwetu, Ukimwi. Kisa cha kwanza Kenya kiligunduliwa mwaka 1984, na tukafundishwa tusitumie wembe mmoja watu wawili. Hiyo siipingi hata kidogo. Kwa kinyozi ni wembe mpya kila kichwa, hakuna mjadala.

Shida ni venye tulihamisha hilo somo mpaka jikoni. Kisu cha sukuma wiki hakikuwa na kesi, lakini kikahukumiwa pamoja na wembe. Tukazoea kwamba kitu kikiisha makali, kimekufa. Hakijakufa. Kinahitaji dakika tano na mtu anayejua.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kukuonyesha. Lakini najua maarifa ya mkono hayakai kwa vitabu. Yule mzee anayejua kunoa akienda, anaenda nayo. Kama uko na mmoja nyumbani, mpelekee kisu butu wikendi hii, ukae umwangalie. Halafu uje hapa utuambie alitumia nini.