Noeli na Bonane: namna ya kuangalia filamu na kucheza pamoja nyumbani

Kila mwaka katika mwezi wa kumi na mbili masomo yanafungwa na watoto wanarudi nyumbani kwa muda wa wiki mbili hivi. Noeli inaingia tarehe 25 Desemba, Bonane inafuata tarehe 1 Januari, halafu inakuja sikukuu ya mashujaa wa uhuru tarehe 4 Januari. Siku hizo zote wazazi wako mbioni. Mama anatafuta mchele na mafuta sokoni, papa anafuata watu wenye deni lake ili nyumba ipate kula. Watoto wanabaki wenyewe. Njo maana katika kartie nyingi za Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika, mlezi wao wa sikukuu anakuwa ni nyumba ya video.

Nyumba hiyo tunaijua wote. Ni chumba cha mbao na mabati chenye mabenchi marefu. Mlangoni kuna kibao chenye majina ya filamu yaliyoandikwa kwa chaki, jenereta inanguruma nyuma, na kijana mmoja anapokea franka bila kuuliza mtoto ana miaka mingapi. Asubuhi karate, mchana vita, na usiku mambo ambayo mtoto hapashwi kuona. Mwenye nyumba ya video si mtu mbaya, naye anatafuta chakula cha watoto wake. Lakini kulea watoto wa wengine si kazi yake.

Makala hii inaeleza namna familia inaweza kuleta filamu nyumbani bila kutumia pesa nyingi, na michezo gani inaweza kujaza mchana. Hatusemi hapa sikukuu za watu wenye kwenda hoteli.

Kwanza ni kuran

Watu wengi wanakata tamaa mapema juu ya kuran. SNEL inakuja na kwenda, na kuna fasi nyingi ambazo haijafika kamwe. Lakini filamu haihitaji kuran nyingi. Televizyo ya bapa ya inchi 24 au 32 inakula karibu wati 30 hadi 50. Kompyuta ya kubeba iko karibu hapohapo. Batri ya volti 12 yenye kuandikwa 100 Ah inabeba kama wati-saa 1200, lakini batri ya asidi ikimalizwa yote inakufa haraka, kwa hiyo hesabu nusu tu: 600. Ondoa kidogo inayopotelea ndani ya konvertisere. Inabaki ya kutosha televizyo moja na bafle ndogo kwa saa saba au nane. Hizo ni filamu tatu, na bado taa inawaka na simu zinapata chaji.

Kama nyumba yako haina vyote, ungana na majirani. Mmoja analeta televizyo, wa pili batri, wa tatu anatoa parseli yake na mikeka. Vijana wenye kufanya kazi za arusi wanakodisha projekteri, na hapo shuka nyeupe iliyovutwa vizuri ukutani inatosha. Projekteri inataka giza. Kwa Goma au Bukavu, Desemba giza linaingia baada ya saa kumi na mbili jioni, basi mkianza saa kumi na mbili na nusu, saa mbili na nusu usiku kila mtu anaweza kuwa amefika kwake. Hiyo ni muhimu fasi ambako usalama hauruhusu kutembea usiku. Angalieni pia mawingu, kwa sababu ni wakati wa mvua: kaeni chini ya baraza, si uwanjani.

Na yule mwenye simu tu? Weka simu ndani ya sufuria tupu au bakuli kubwa, sauti itapanda. Watoto watatu au wanne wanaweza kuona vizuri, zaidi ya hapo wanaanza kusukumana.

Jambo moja la kutilia nguvu. Jenereta haiingii ndani ya nyumba, hata kwenye koridori, hata kama kuna mvua na mlango uko wazi. Moshi wake una gaz isiyo na harufu wala rangi, inaitwa monoksidi ya kaboni, na inaua watu wakiwa wamelala. Mbabula ya makala inatoa gaz hiyohiyo. Usiku wa Noeli baridi ya milimani inawashawishi watu kuingiza mbabula chumbani na kufunga madirisha huku filamu inaendelea. Hapana. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha na mlango, na msiongeze esanse wakati inawaka.

Filamu gani?

Filamu karibu zote za hapa kwetu zinatembea kwa flashi na karte memwari. (Na tuseme ukweli: wengi waliozitengeneza hawakupata hata franka moja kwenye nakala hizo.) Jina lenye kuandikwa mara nyingi si filamu yenye kuwa ndani. Kwa hiyo mzazi aangalie kwanza, angalau mwanzo, katikati na mwisho, kabla ya kuita watoto. Dakika kumi zinatosha kujua.

Kwa watoto wadogo, filamu ya katuni ya Kirikou inabaki moja ya nzuri zaidi. Ilitoka mwaka 1998, ikatengenezwa na Mfaransa Michel Ocelot, na muziki wake ni wa Youssou N'Dour wa Senegal. Ni hadithi ya kijiji cha Afrika Magharibi ambako mtoto mdogo sana anapambana na mchawi Karaba. Haifiki saa moja na nusu. Wamama ndani yake wamevaa kama zamani, bila nguo juu, na wazazi wengine wanashangaa, lakini hakuna ubaya wowote. Kitu kizuri ni kwamba Kirikou anauliza sana. Wakubwa wanaogopa Karaba, yeye anataka kujua kwa nini Karaba ni mbaya. Mwishoni anapata jibu: ana mwiba wenye sumu mgongoni, na maumivu yake njo yanamfanya mkali.

Kwa watoto wa miaka kumi na zaidi kuna Queen of Katwe, ya mwaka 2016, iliyotengenezwa na Mira Nair. Ni hadithi ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe kule Kampala aliyejifunza mchezo wa sataranji. Mama yake anauza mahindi, nyumba yao inapata mafuriko, kodi inawashinda. Mtoto wa Uvira au wa Bukavu hahitaji mtu wa kumweleza maisha hayo. Ni ndefu, inapita saa mbili, kwa hiyo muigawanye siku mbili.

Vijana wakubwa na wazazi wanaweza kutafuta La Vie est belle ya mwaka 1987, ambamo Papa Wemba mwenyewe anacheza kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta muziki. Mmoja wa watengenezaji wake wawili, Mweze Ngangura, ni mzaliwa wa Bukavu. Ina mambo ya ndoa na wake wengi, basi si ya wadogo, lakini wakubwa watacheka mpaka machozi.

Filamu za Tanzania zina faida kubwa: koko anasikia kila neno. Zile za hayati Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, bado zinapendwa huku kwetu. Ila nyingine zimejaa uchawi na fitina za ndoa, kwa hiyo hata hapo kuchungulia mapema ni lazima.

Nani anasimulia?

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linapita hata uchaguzi wa filamu. Filamu nyingi ziko katika Kifaransa au Kiingereza. Mtoto wa darasa la pili hasikii, koko hasikii, na anayesikia anakaa kimya. Wanaangalia pamoja lakini kila mtu anaona filamu yake.

Watu wa nyumba za video walielewa shida hiyo zamani. Njo sababu filamu zenye msimuliaji wa Kiswahili zinajaza watu. Kenya wanaye DJ Afro, Tanzania wako wengi, na sauti zao zinafika mpaka Butembo na Kalemie. Hata wakati wa ukoloni ilikuwa hivyo. Wamisionari walipotembeza sinema vijijini, mara nyingi mtu alisimama kando ya shuka akieleza kwa lugha ya watu wa pale. Walitengeneza hata filamu zao za kuchekesha, kama Matamata na Pilipili, za Padri Albert Van Haelst kule Kasai katika miaka ya 1950. Shabaha yao ilikuwa kufundisha watu utii, hilo tusilisahau, lakini walijua kwamba picha bila mtu wa kuieleza haifiki mbali.

Basi nyumbani mchague msimuliaji. Kijana wa sekondari anayesikia Kifaransa anatafsiri kwa sauti. Leo ni yaya, kesho mdogo wake. Atakosea, watu watamcheka, na atajifunza kuliko kwenye kitabu. Papa au mama anashika kazi nyingine: kusimamisha filamu. Mtoto akiuliza "Ule analia juu ya nini?", simamisha. Mrudishie swali: wewe unawaza analia juu ya nini? Filamu ya saa moja na nusu itachukua saa mbili na nusu. Si neno, hakuna anayewakimbiza.

Katika majimbo yetu kuna sababu nzito zaidi ya kufanya hivyo. Watoto wengi wa huku wamesikia bunduki za kweli. Wengine wamekimbia usiku na godoro kichwani, wengine wamepoteza ndugu. Familia nyingi mwaka huu zitakuwa na watoto wa wageni waliokimbia kwao. Mtoto kama huyo akiona filamu ya vita, anaweza asilie wala asikimbie. Anakaa kimya, anakodoa macho, na usiku anakojoa kitandani au anaamka akipiga kelele. Mkubwa anasema "amezoea". Hajazoea. Ukiona mtoto anaziba masikio, anajikunja, au anatoka kila mara kwenda chooni, zima au badilisha filamu, bila kumwita mwoga mbele ya wengine. Mkalie karibu. Akitaka kusema, msikilize, asipotaka usimlazimishe.

Kwa sababu hiyohiyo, acheni kununua bunduki za plastiki sokoni. Ziko bei nafuu na watoto wanazipenda, lakini gizani askari mwenye woga hatofautishi. Na fataki vilevile: kartie ambayo watu wanalala na nguo ili wapate kukimbia haihitaji mlio mwingine.

Na mchana?

Filamu ni ya jioni. Mchana mtoto anapashwa kutembeza mwili na mikono.

Kisoro haina bei. Chimba vishimo 32 ardhini, mistari minne ya vishimo vinane. Tafuta mbegu au mawe madogo 64, kila mchezaji 32. Sheria zinabadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na hiyo ni bahati, kwa sababu inalazimisha watoto kumuita koko awafundishe ya kwao. Huo ni mchezo wa hesabu kabisa. Kuna pia dame kwa vifuniko vya chupa, kamba, na nzango kwa wasichana, ingawa sioni kwa nini wavulana wakae pembeni. Wapeni watoto pia kazi ya jikoni: kuchambua sambaza, kupiga unga wa mikate ya mafuta, kumenya makemba. Mtoto aliyesaidia kupika chakula cha Bonane anakula kwa majivuno.

Wengi wanapenda kushuka ziwani. Ziwa Kivu halina mamba wala viboko, lakini kilindi chake kinaanza karibu sana na ukingo, na mtoto asiyejua kuogelea anapotea kwa hatua mbili. Kwa Ziwa Tanganyika, Uvira na Kalemie, mamba na viboko wapo. Mkubwa mmoja awe na kazi moja tu, kuangalia watoto, na asinywe pombe siku hiyo.

Upande wa Goma na Sake kuna hatari nyingine ambayo wageni hawaijui: mazuku. Ni gaz nzito inayotoka ardhini na kukaa ndani ya mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Haionekani. Mtoto anayeinama kuokota mpira humo anaweza kuanguka bila kuita. Ulizeni wenyeji mashimo yako wapi kabla ya kuruhusu watoto kucheza, na kama mtu ameanguka humo, msishuke mmoja baada ya mwingine kumfuata.

Tarehe 4 Januari tunakumbuka Wakongo waliouawa Leopoldville mwaka 1959. Hiyo ni jioni nzuri ya kuangalia na vijana filamu Lumumba, ya Raoul Peck wa Haiti, iliyotoka mwaka 2000. Kama koko anakumbuka miaka ile, mpeni kiti cha mbele na kazi ya kusimulia. Kijana atafsiri Kifaransa, yeye aongeze aliyoyaona au aliyoyasikia kwa wazazi wake. Inachukua karibu saa mbili, na dakika zake za kwanza ni kali sana, kwa hiyo wadogo wale mapema na walale kwanza.