Halawa ya Misri

Shikeni kalamu, mwandike neno moja: halawa. Kwa Kiarabu maana yake ni utamu, na halua yetu ya pwani ni ndugu yake. Lakini halawa ya leo hailiwi. Ni ya kung'olea nywele za mwili.

Wanawake wa Misri huchemsha sukari pamoja na maji na limau, mpaka shira igeuke rangi ya asali. Limau lina kazi yake. Ukali wake huvunja sukari isirudi kuwa chembechembe, ikabaki yenye kunata. Kisha huachwa ipoe iwe vuguvugu, kwani sukari inayochemka huchoma kupita maji ya moto. Hukandwa, hubandikwa mguuni au kwapani, na kubanduliwa mara moja. Nywele hutoka na mizizi yake, na asemaye haiumi hajabanduliwa! Mabaki huoshwa kwa maji tu. Bibi arusi hufanyiwa hivyo kabla ya arusi yake.

Wako wanaosimulia kwamba malkia Cleopatra, aliyekufa mwaka 30 kabla ya Kristo, alitumia sukari hii. Hadithi tamu, lakini mimi siikubali. Ni kweli Wamisri wa kale walipenda mwili usio na nywele: nyembe zao za shaba zimefukuliwa makaburini, na Herodotus, Mgiriki, aliandika kwamba makuhani wao walinyoa mwili mzima. Ila sukari waliitoa wapi?

Wakati huo Misri haikulima miwa. Wahindi ndio waliokwisha jua kupika maji ya miwa yakawa sukari. Wagiriki na Warumi waliijua kama dawa adimu kutoka mbali. Neno la Kihindi cha kale, sharkara, lilipita kwa Waajemi, likafika kwa Waarabu likawa sukkar, na kwetu sukari. Waarabu waliiteka Misri kati ya mwaka 639 na 642, na mashamba ya miwa yalifuata baadaye. Cleopatra alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 600.

Basi ufundi huu si wa malkia. Mama alimfundisha binti yake penye jiko, na kumpa Cleopatra sifa hiyo ni kuwanyang'anya wapishi wenyewe.

Kwa zoezi, waulizeni bibi zenu: kabla ya nyembe za dukani, wao walitumia nini? Andikeni sentensi tano. Kwaherini.