Hazina za Vitabu Katika Mji wa Mtwara

Mkazi wa Chikongola, mojawapo ya kata za Manispaa ya Mtwara-Mikindani, anayetaka kitabu asichoweza kukinunua, ana milango kadhaa ya kubisha, na kila mlango una nasaba yake.

Wa kale zaidi uko Mikindani, bandari ya majahazi iliyotangulia Mtwara kwa karne nyingi, ambako elimu ilikaa vyuoni na majumbani mwa mashehe, na misahafu, vitabu vya fikihi, kasida na tenzi zilizonakiliwa kwa khati za Kiarabu zilitunzwa sandukuni kama amana, zikirithiwa, na pengine zikiwekwa wakfu kwa msikiti. Msomaji hakudaiwa kadi. Aliulizwa mwalimu wake ni nani. Naona huo ulikuwa utaratibu wa heshima kubwa, ila ulimfaa aliyekwisha kuingia katika silsila ya elimu, wala haukumfikia mpita njia.

Mtwara yenyewe ni mji mchanga, uliopimwa kwa ajili ya mpango wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, hata gati la bandari likakamilika mwaka 1954 hali karanga zilizokusudiwa hazipo. Zama hizo shirika la East African Literature Bureau, lililoundwa mwaka 1948 na makao yake Nairobi, lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu kwenye skuli na vilabu, na kwa msomaji aliye mbali kitabu kikaja kwa posta. Ilikuwa hidaya njema, lakini sanduku huja na kuondoka.

Maktaba ya kudumu ililetwa na uhuru. Sheria ya mwaka 1963 iliweka msingi wa Bodi ya Huduma za Maktaba. Tarehe 9 Disemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, na chini ya bodi hiyo mikoa ikapata maktaba zake, Mtwara ikiwamo. Haja ilikuwa kubwa, kwani mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa 67 katika kila 100, na hata kampeni ya kisomo ilipowapunguza wakawa 39 mwaka 1975, aliyejifunza herufi ukubwani asipopata cha kusoma aghalabu huzisahau. Fungua jalada la nyuma la kitabu cha kuazimwa utazame kile kikaratasi kilichogandishwa, chenye safu za tarehe zilizopigwa muhuri: hapo utajua dhahiri kipi kimetembea mikononi mwa watu na kipi kimelala.

Maktaba za vyuo, kama ile ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kilichoanza mwaka 2009, zimewekwa kwa ajili ya wanafunzi na walimu wao, nami sizilaumu kwa hilo. Lakini mvuvi au mama lishe hawezi kuzihesabu kuwa zake, na kwa sababu hiyo naitanguliza maktaba ya mkoa mbele ya zote, hata lau ingekuwa na vitabu vichache zaidi.

Hata hivyo ina la kujifunza kwa Mikindani, nalo ni kuyatunza maneno ya watu wa hapa hapa. Pwani ya kusini imeandika: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa mwaka 1933 na tena mwaka 1957, na habari za Lindi na Sudi zimo katika mkusanyo wa Kiswahili alioutoa Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1907. Nawaomba wakutubi na Manispaa watenge rafu moja kwa maandishi ya pwani hii. Nazo nyumba za Mikindani na Mtwara zenye hati za wazee zikubali zipigwe picha, nakala ziwekwe maktaba ya mkoa, na asili zirudi kwa wenyewe, kabla mchwa na unyevu wa bahari havijazimaliza.