Kilo Zilizoingia Polepole

Tuzungumze juu ya unene wa kupita kiasi, na jinsi ya kupunguza mafuta mwilini yasirudi tena. Kabla ya kukuambia ule nini, tuangalie nyuma kidogo. Ukijua kilo ziliingilia mlango gani, utajua pa kuzitolea.

Kando ya Mto Tana, Wapokomo walilima mpunga, mahindi, ndizi na viazi vitamu wakifuata maji ya mafuriko. Samaki walivuliwa mtoni na katika maziwa yanayoachwa na mto. Waorma waliishi kwa maziwa ya mifugo yao, wakihama nayo kutafuta malisho. Maji yalitekwa mtoni, nafaka ikatwangwa kwa kinu, na safari ikawa ya miguu au mtumbwi. Hakuna aliyemwambia mama afanye mazoezi. Siku yake nzima ilikuwa mazoezi. Hatusemi maisha hayo yalikuwa raha. Njaa ilikuwapo, na mafuriko makubwa kama yale ya 1961 yaliharibu mashamba.

Kisha mambo yakabadilika, moja baada ya jingine. Mwaka 1981 bwawa la Masinga lilikamilika huko juu, na mafuriko ambayo wakulima wa chini waliyategemea yakapungua. Ukame wa 1984 ulileta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliharibu mradi wa mpunga wa TARDA katika delta. Kila shamba lilipokwama, sahani ilisogea karibu na duka: unga uliokobolewa, sukari, mafuta ya kukaangia. Leo hapa Garsen, njia za Malindi, Lamu na Garissa zinapokutana, mahamri, chapati na soda hupatikana asubuhi hadi usiku. Mashine ya kusaga imechukua kazi ya kinu, na bodaboda imechukua safari ya miguu.

Kwa hiyo mama, usijilaumu kwamba wewe ni mvivu. Mabadiliko haya yamegusa nchi nzima. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2008-09 ulikuta mwanamke 1 kati ya 4 nchini Kenya ana uzito uliozidi. Ule wa 2014 ulikuta ni 1 kati ya 3.

Wengi wetu bado tunasema, "Amenawiri, anatunzwa vizuri." Lakini mafuta yakijaa tumboni, yanaongeza hatari ya presha, kisukari na ugonjwa wa moyo. Chukua utepe wa fundi cherehani, ujipime kiuno. Kwa mwanamke, kikizidi sentimita 80 hatari huanza kupanda. Na mama akipooza kwa sababu ya presha, nani atawalea watoto?

Je, dawa ni kutembea tu? Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Hawa huwinda, huchimba mizizi na kutembea mbali kila siku. Hata hivyo, nguvu ambazo miili yao ilitumia kwa siku, kwa kulinganisha na ukubwa wa mwili, zilikaribia zile za watu wa Marekani na Ulaya. Fundisho ni kwamba mazoezi pekee hayatoshi. Vijiko vikubwa 2 vya mafuta vina kalori zipatazo 240, na mama wa kilo 70 hutembea karibu saa nzima kuzitumia. Anza na chungu, kisha miguu isaidie.

Je, inawezekana? Ndiyo. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa 2002 uliwafuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 80, hizo ni kilo 5 na nusu tu. Ukipunguza kilo 1 kwa mwezi, nusu mwaka inatosha.

Anza hivi:

Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Samaki mchemshe au umchome.

Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki chache. Soda iwe ya sherehe.

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, kunde, majani ya maboga. Robo iwe sima au wali, na robo iwe samaki, maharagwe au pojo.

Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Mwachie bodaboda safari za mbali.

Usijinyime kula kutwa nzima. Njaa kali humfanya mtu ale kupita kiasi usiku, na kilo hurudi.

Sasa tahadhari. Ukiwa mjamzito, usijaribu kupunguza uzito. Ukinyonyesha, usijinyime chakula. Na usipunguze sahani ya mtoto kwa sababu yako; yeye bado anakua. Ukikonda bila kujitahidi, nenda kituo cha afya upimwe, kwani yaweza kuwa kifua kikuu au kisukari. Anayetumia dawa za kisukari au presha amwone mhudumu wa afya kabla ya kubadili chakula.

Haba na haba hujaza kibaba. Kilo ziliingia hivyo, na hivyo hivyo zitatoka. Leo jioni, anza na kile kijiko cha mafuta. Kwaheri mama, tunza afya yako.