Taipografia na Hatima ya Maandishi ya Kiafrika

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kuchunguza sauti, neno na sentensi. Herufi yenyewe, kwa umbo lake na namna inavyopigwa chapa, tumewaachia wenye mitambo. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo wa kazi una hasara. Maandishi huweza kubuniwa kwa ustadi na kufundishwa kwa bidii, na hata hivyo yakadhoofika kwa kuwa hayakupata herufi za chapa. Kwa hiyo mwanafunzi wa usanifu wa michoro anayevutiwa na taipografia, yaani elimu ya maumbo na mpangilio wa herufi za chapa, ni mwenzetu katika kazi ya lugha.

Tumchukue kwa mfano Saki Mafundikwa wa Zimbabwe. Alisomea usanifu wa michoro katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akapata shahada ya uzamili mwaka 1985. Historia inayosomwa kwa kawaida katika fani hiyo ni ya herufi za Kirumi: huanzia maandishi ya mawe ya Roma, ikapitia kwa Gutenberg wa Mainz katika karne ya 15, hadi shule ya Bauhaus iliyoanzishwa Weimar mwaka 1919. Afrika hutajwa humo kwa nadra. Mafundikwa hakuridhika na ukimya huo. Mwaka 1999 alianzisha chuo cha usanifu, ZIVA, mjini Harare. Na mwaka 2004, karibu miaka 20 baada ya kuhitimu, kikatoka kitabu chake Afrikan Alphabets, kinachosimulia historia ya maandishi barani mwetu.

Miongoni mwa maandishi hayo, yale ya Wabamum wa Kameruni yana funzo kubwa kwetu. Mfalme Njoya wa Foumban alianza kuyabuni mnamo 1896. Alama za kwanza zilizidi 500. Yeye na washauri wake walizipunguza na kuzirekebisha mara kadhaa hata, mnamo 1910, zikabaki takriban 80, zenye kusimamia silabi. Kwa alama hizo iliandikwa historia ya Wabamum na desturi zao, na shule zikafunguliwa ili kuzifundisha. Njoya alitambua kwamba mkono wa mwandishi una kikomo, akawaagiza mafundi wake watengeneze herufi za chapa za shaba. Kwa bahati mbaya mradi huo haukufikia lengo lake. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni ya Kifaransa ilimpokonya madaraka na shule zake zikafungwa. Mwaka 1931 alihamishiwa Yaoundé, akafariki huko mwaka 1933.

Huenda msomaji akasema kwamba kilichoyazima maandishi hayo ni ukoloni, wala si ukosefu wa shaba iliyosubiwa. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipingi. Lakini ni vyema tukumbuke kwamba hati za mkono ni chache, na aghalabu hukaa katika nyumba chache. Kuzizuia si kazi ngumu. Kitabu kilichokwisha kupigwa chapa nakala elfu moja na kutawanyika vijijini hakizuiliki kwa amri moja.

Kiswahili nacho kina kisa chake. Utendi wa Tambuka uliandikwa kwa herufi za Kiarabu mwaka 1728. Husemwa mara nyingi kwamba herufi hizo ziliachwa kwa kuwa hazikutosheleza sauti zetu, kwani Kiarabu kina alama tatu za irabu na Kiswahili kina irabu tano. Tena hakina herufi ya sauti p. Ni kweli, bali waandishi wa pwani walianza kuzitatua shida hizo kwa nukta na alama za ziada. Jambo ambalo kalamu zao hazikuweza kulishinda ni kwamba wamisionari wa karne ya 19 walikuja na mitambo yenye herufi za Kirumi. Na kamati ya kusanifisha lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaifuata njia hiyo hiyo.

Siku hizi herufi huchorwa kwa kompyuta. Maandishi ya Wabamum yaliingizwa katika mfumo wa kimataifa wa Unicode mwaka 2009. Hata hivyo mfumo huo huipa kila alama nambari tu. Hauipi umbo la kupendeza wala kusomeka. Umbo hutoka kwa msanii aliyejifunza kupima unene wa mstari na nafasi baina ya herufi na herufi. Naye msanii huyo, asipoelezwa na mwanaisimu kila alama inabeba sauti gani na inatofautiana vipi na jirani yake, atachora pambo na kudhani amechora herufi. Kazi aliyoiacha Njoya yawahitaji wote wawili.