Manamba, Mkonge na Makazi ya Wazee Tanga

Mkoa wa Tanga una makazi mawili ya wazee yanayoendeshwa na Serikali: Mwanzange, ndani ya Jiji la Tanga, na Misufini, wilayani Muheza. Mwambao wenye koo kubwa na desturi ya kutunzana ulikujaje kuwa na wazee wasio na mtu? Sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya mkonge na ya watu walioitwa kuulima kwa muda mfupi.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katika miongo michache mashamba yalienea kuanzia Kigombe na Ngomeni hadi Muheza, Hale na Korogwe, mengi yakiifuata reli. Wabondei, Wadigo na Wazigua walikuwa na mashamba na minazi yao, hivyo wachache walikubali kukata mkonge mwaka mzima. Wenye mashamba wakatafuta vibarua mbali: Kigoma, Njombe, Rwanda, Burundi na Msumbiji.

Vibarua hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo ndivyo alivyojulikana kambini. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwaandikisha na kuwasafirisha. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili au mitatu, nauli ikilipwa kwenda na kurudi. Manamba alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Alfajiri aliingia shambani na kisu, akakata majani, akaondoa miiba ya nchani na kuyafunga mizigo ya majani thelathini thelathini. Nyapara alihesabu mizigo, na kazi ya siku ikitimia, kipande kilitiwa alama. Siku isiyotimia haikuhesabiwa. Mshahara ulitoka kipande kilipojaa.

Mpango huo ulimchukulia manamba kuwa mpita njia. Uzee wake ulihesabiwa kuwa mzigo wa kijiji alikotoka. Lakini wengi waliongeza mkataba wa pili na wa tatu. Wengine walioa Tanga, wengine walisilimu au kubatizwa huko huko. Kwa walioenda kwao kusalimia, safari hiyo ilikuwa kama jaribio: mmoja alikuta nafasi yake ingalipo akabaki, mwingine alikuta wazazi wamefariki na shamba limegawanywa, akarudi mkongeni. Kambi iliyojengwa kwa ajili ya wageni ikawa ndiyo kwao.

Huko kambini watu waliziba pengo la ukoo kwa utani. Makabila yaliyokutana mashambani yalipanua utani wa zamani na kuanzisha mwingine mpya, na faida yake kubwa ilionekana msibani. Mtu aliyefia mbali na ndugu alipata mtani wa kumchimbia kaburi na kushughulikia maziko, huku akitania wafiwa na kudai ada yake. Utani ulihakikisha manamba hazikwi kama mtu asiye na wenyewe. Kumlisha na kumuuguza kwa miaka kumi ya uzee lilikuwa jambo jingine, lililouzidi uwezo wa watani.

Akiba ya uzeeni nayo ilichelewa: Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF, ulianzishwa mwaka 1964. Aliyekata mkonge katika miaka ya 1940 na 1950 alikuwa amemaliza nguvu zake bila akiba ya lazima, na mfuko wenyewe ulilipa mkupuo mmoja badala ya pensheni ya kila mwezi. Mwaka huo huo wa 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Kisha nyuzi za viwandani zikashusha bei, na mashamba mengi, yaliyotaifishwa mwaka 1967, yakadhoofika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu tani 20,000. Korona, yaani mashine za kuchakata mkonge, zilinyamaza na vijana wakaondoka, lakini wazee wengi walibaki katika nyumba za kambi. Baadhi ya waliokosa kabisa mtu waliishia katika makazi ya Serikali.

Asili ya makazi hayo nchini si moja. Nunge ya Dar es Salaam na Bukumbi ya Mwanza, kwa mfano, zina mizizi katika makambi ya wagonjwa wa ukoma. Zanzibar ina nyumba za Sebleni na Welezo kwa Unguja na Limbani kwa Pemba, na tangu Aprili 2016 imekuwa ikimlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Pensheni hiyo humsaidia mzee kubaki kwake.

Kwingineko makazi yenyewe hujaribiwa kwanza: katika nchi kama Uingereza na Marekani, mzee anaweza kulipia wiki chache katika nyumba ya wazee ili aone kama patamfaa kabla ya kuhamia. Mwambao una jaribio lake, lakini hufanywa ndani ya ukoo: mzee huenda "kutembea" kwa mwanawe mjini. Akipapenda, husema hewa ya huko imemfaa. Asipopapenda, husema kuku wake hawana mtu wa kuwatazama, akarudi bila kumvunjia mtu heshima.

Makazi ya Serikali hayana nafasi ya jaribio kama hilo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60, inaweka jukumu la kumtunza kwa familia kwanza, na makazi yawe kimbilio la mwisho. Afisa ustawi wa jamii anayempokea mzee huuliza kama ana ndugu wa kumtunza. Kwa manamba aliyefika Tanga kwa mkataba wa miaka miwili, jibu la swali hilo lilikuwa limeandikwa tangu siku alipopewa namba.